Mkato wa Kushoto

Damu yenyewe ilikuwa kidogo, isingejaza kijiko cha chai, lakini juu ya saruji iliyosuguliwa jana yake ilionekana vizuri kabisa. Kinyozi aliiona kabla hajagusa komeo la banda. Akageuka kutazama dirisha la chumba cha binti yake. Pazia lilikuwa wazi. Maana yake ameshaamka, anavaa, na baada ya dakika tano au sita angetokea mlango wa jikoni na ndoo ya maji, tayari kumwamkia kila kuku kwa jina lake.

Akaingia haraka na kitambaa mkononi.

Aliyeumizwa alikuwa Kipara. Alijibanza nyuma ya chombo cha chakula, kichwa amekichomeka kwenye pembe ya ukuta, akidhani asipowaona wenzake nao hawatamwona. Juu ya mkia, pale manyoya yalipoanza tu kuchipua, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati. Lakini alikuwa hai. Kinyozi akashusha pumzi. Wiki iliyopita alimkuta mwingine mahali pale pale, na huyo hakuwa na cha kuokoa. Wiki mbili kabla yake, mwingine tena. Walianza kumi na mmoja na sasa wamebaki tisa.

Tuseme ukweli, Kinyozi hakuwa mtu wa kulilia kuku. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye shamba la mayai, mabanda marefu yasiyo na madirisha, kuku wanne wanne katika kizimba cha waya kisichowatosha hata kujigeuza. Kuku waliokufa alishawaona wa kujaza toroli, na mchana akala chakula chake bila wasiwasi. Aliyemtia hofu asubuhi hiyo ni binti yake.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata baba yake alimwita Mwalimu, kwa utani mwanzoni, kisha ikazoeleka. Mwaka uliopita alisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, maneno yakagoma kutoka. Akarudishwa nyumbani, akalala. Hospitali walisema ni sonona, wakampa dawa, wakasema itachukua muda. Ilichukua miezi minne ya pazia lililofungwa, sahani inaingia imejaa na inatoka imejaa. Mama yake alishafariki, kwa hiyo ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, na baba wa watu akazoea kukaa kwenye kiti nje ya chumba, akizungumza na mlango.

Kilichomwinua ni kuku. Kuku wa mayai akifikisha mwaka na nusu na utagaji ukapungua, pale shambani hana kazi tena. Anapakiwa kwenye lori la machinjio. Mmoja alidondoka wakati wa kupakia. Kinyozi akamtia kwapani akaja naye, na nia yake, asisingiziwe wema, ilikuwa supu. Mwalimu alipotoka chumbani kunywa maji, akakutana uso kwa uso na ndege asiye na unyoya kifuani, amesimama katikati ya jikoni anatetemeka, hajui hata kutembea juu ya kitu kisicho waya. Akachuchumaa mbele yake. Alikaa hivyo saa nzima. Kesho yake akauliza, "Wako wangapi wengine?" Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza jambo lolote tangu augue.

Basi baba akamletea wengine kumi. Mwalimu akaanza kuoga, akaanza kula, akaanza kugombana, na Kinyozi aliposikia sauti ya kugombana ndani ya nyumba ile alikwenda nyuma ya stoo akalia machozi ya furaha. Binti aliweka sharti moja tu: kile kisu kisikanyage bandani. Kinyozi aliapa.

Kile kisu ndicho kilichompa jina. Hakuwahi kumnyoa mtu. Kazi yake ilikuwa kukata midomo ya vifaranga: mashine yenye wembe wa moto, kifaranga mkononi, ncha ya mdomo kwenye tundu, tss, anayefuata. Kuku waliobanana hudonoana, damu ikionekana hulana, na aliyekatwa mdomo hana cha kuulia. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha vijana wa baada yake. Siku anastaafu walimpa soda, hotuba ndefu, na mashine ile kuukuu iwe ukumbusho. Sijui aliyetoa wazo hilo ni nani, lakini alistahili kukaliwa kikao.

Akafuta damu sakafuni. Akampaka Kipara ile dawa ya zambarau aliyowaachia daktari wa mifugo, maana zambarau huficha wekundu na kuku asipoona wekundu husahau. Kisha akainuka kumtafuta mwenye hatia, na hakutafuta mbali. Shangazi alikuwa amesimama juu ya kichaga, shingo ameinyoosha, na ncha ya mdomo wake ilikuwa na damu.

Kuku wengine watatu walikuwa na damu mdomoni vilevile. Hao hakuwatazama mara mbili.

Sababu ni kwamba Shangazi peke yake, katika kundi zima, alikuwa na mdomo mzima. Katika vifaranga maelfu hakosi mmoja anayeponyoka mkononi mwa mkataji, na Shangazi aliponyoka. Mdomo wake ulichongoka vizuri, umepinda mbele kidogo, na mwenyewe alikuwa mbea: hakuna jambo bandani asiloliingilia, hakuna mgeni asiyemsemea. Mwalimu alimpa jina hilo kwa heshima zote za dada yake Kinyozi, ambaye kwa bahati njema hakujua. Kuku huyo ndiye aliyekuwa akilala mapajani pa Mwalimu jioni.

Mlango wa jikoni ukalia.

"Baba, mbona mapema?"

"Nimewahi kidogo tu."

"Umeficha nini nyuma?"

Kinyozi alikuwa na miaka sitini na mitatu na bado hakujua kudanganya mbele ya mwanamke mwenye ndoo. Akatoa kitambaa. Mwalimu akakitazama, akaweka ndoo chini taratibu.

"Nani?"

"Kipara. Ila mzima. Mwangalie, mzima kabisa."

Mwalimu hakumwangalia. "Wa tatu," akasema.

"Hajafa, mwanangu."

"Wa tatu, Baba." Na sauti ikawa ile ya zamani, ya chini, isiyopanda wala kushuka, sauti ambayo Kinyozi alikuwa akiisikia kupitia mlango uliofungwa. Kuku wa kwanza alipokufa Mwalimu hakula siku nzima. Wa pili alipokufa alifunga pazia siku mbili. Kinyozi alifanya hesabu hiyo kichwani na kijasho chembamba kikamtoka. Mtu akiogopa hivyo husema lolote la kumshikilia mwenzake asizame, naye akasema.

"Nimemjua anayeua. Shangazi."

"Si kweli."

"Mtazame mdomo."

"Shangazi hana ubaya na mtu. Anasema tu."

"Mwalimu, mimi kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Wote humu wamekatwa isipokuwa yeye. Aliyekatwa hawezi kutoboa ngozi. Hiyo ndiyo maana yenyewe ya kukata. Sasa nionyeshe mwingine mwenye kisu usoni."

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Alitazama hata Monita, kuku mtulivu wa kwanza kabisa kufika kwenye chakula na wa kwanza kupanda kichagani, aliyekuwa akizunguka nyuma ya wenzake asubuhi kana kwamba anawakagua kucha. Midomo yote ilikuwa mifupi, butu, kama iliyogonga ukuta.

"Nilisoma kwamba wanahitaji kuchakura," akasema. "Nilikuomba maranda kwa fundi seremala. Niliomba tangu mwezi uliopita."

"Maranda ni uchafu. Maranda ni minyoo na kuhara damu." Kinyozi akakanyaga sakafu yake kwa kisigino. Aliimwaga mwenyewe, akailainisha mwenyewe, aliisugua kila siku, na aliionea fahari kuliko nyumba. "Hapa unaweza kula bila sahani. Daktari alisema nini? Si alisema mara nyingi anaanza mmoja, wengine wanafuata? Si alisema aliyeumizwa asiondolewe, maana akirudi anakuwa mgeni na wanamwanza upya? Anaondolewa mchokozi, siku tatu. Tumtoe Shangazi. Wakitulia, jibu tunalo."

"Na wakitulia?"

Kinyozi akakunja kile kitambaa chenye damu. "Tutaona."

Siku hiyo, Jumamosi, Shangazi aliwekwa kwenye kreti kubwa ndani ya stoo, katikati ya majembe na mashine kuukuu iliyofunikwa gunia. Alipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna ugomvi gani wa kifamilia. Mwalimu alimpelekea maji, akakaa naye kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamweleza kwamba ni uchunguzi tu na hakuna aliyekwishamhukumu. Kinyozi alisikia hayo kutoka uani na hakupenda alivyojisikia.

Mawingu yalikuwa mazito. Bandani mkawa na giza giza la kuleta usingizi, kuku wakasimama wamejikunyata, hawana habari na mtu. Jumapili ikawa hivyo hivyo, na manyunyu juu. Kipara akatoka pembeni, akala. Jumatatu kidonda kikaanza kukauka.

"Unaona?" akasema Kinyozi.

Alisema "unaona" mara nyingi siku zile, wakati wa chai, wakati wa chakula, mara moja hata kupitia mlango wa bafu. Furaha yake ilikuwa ya aina mbili na hakutaka kuzitenganisha. Binti alikuwa anakula, hilo kwanza. Na la pili, kazi yake ya miaka yote ilikuwa imeshinda kesi. Watu walikuwa wameanza kumtazama vibaya, mpaka mtoto wake wa kumzaa. Sasa ilithibitika kwamba mkono wake ulikuwa unaokoa kuku.

Mwalimu alikula, lakini alikula kama anayetimiza agizo. Jumatatu jioni alikuja kumkalisha baba yake chini.

"Akirudi ataanza tena?"

"Ataanza."

"Hata baada ya siku tatu?"

"Mwenye mdomo mzima? Ataanza. Wiki moja tu, utamkuta Kipara ameliwa."

"Hatuwezi kumfuga peke yake."

"Kuku wa peke yake hana maisha. Hilo umenifundisha wewe."

Mwalimu akakunja mikono tumboni. Kinyozi alimwona anavyopigana ndani kwa ndani, na angetoa chochote alichonacho ili ampunguzie, ila alichokuwa nacho kilikuwa kitu kimoja tu.

"Ziko njia mbili," akasema polepole. "Kumchinja. Au kumkata ncha, kidogo tu, abaki hai na wenzake wabaki hai. Lakini nilikuapia."

Mwalimu akainamisha uso. Mwalimu alipoinua uso, macho yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha baba yake zaidi.

"Kata," akasema. "Kesho. Nisiwepo. Ukimaliza niambie. Na Baba, kama umekosea, sitaweza tena. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa. Sitaweza tena na chochote."

Hakuwa anatisha mtu. Alikuwa anatoa taarifa.

Jumanne jua likatoka. Likatoka vizuri, mawingu yote yamekimbia, mwanga ukaingia kupitia wavu ukapiga sakafu ya saruji mpaka ikaumiza macho. Saa nne asubuhi Mwalimu aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, na Kinyozi akasikia pete za pazia zikivutwa kwenye fimbo yake. Akapiga moyo konde. Akaitoa mashine, akaipangusa vumbi, akaiweka kwenye meza ya uani karibu na banda, akavuta waya kutoka jikoni akachomeka. Wembe ule ulihitaji dakika kumi kuwa mwekundu. Kando ya meza aliweka kreti, na ndani ya kreti Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa kimya.

Kinyozi akakaa kwenye kigoda kusubiri moto. Hakuwa na la kufanya, akatazama bandani.

Tok, tok, tok.

Monita alikuwa anadonoa sakafu. Alidonoa doa la saruji lililokuwa na chembe inayong'aa, akahama, akadonoa kichwa cha msumari kwenye nguzo, akakidonoa kwa bidii ya mtu mwenye njaa ingawa chakula kilikuwa kimejaa hatua mbili kutoka pale. Tok, tok. Akakwaruza kwa mguu, kucha zikateleza, hakuna kilichosogea. Akakwaruza tena. Akasimama akitazama alipokwaruza. Kinyozi aliwahi kuona kuku elfu nyingi lakini ni nadra kumtazama mmoja kwa dakika tano, na sasa alimwona huyu akizunguka nyuma ya wenzake, kama kawaida yake, akikagua. Akafika kwa Kipara.

Akachagua unyoya mmoja mchanga, karibu na ile zambarau. Akauvuta. Kipara akalia, akasogea hatua. Monita akaumeza unyoya. Akasogea naye. Akachukua mwingine.

"We!" Kinyozi akasema, kwa sauti ndogo isiyomfaa mtu yeyote.

Wa tatu ulitoka na damu. Kitone tu, kwenye jua lile, na wale kuku wengine sita wakainua vichwa kwa pamoja.

Kinyozi alifungua banda kwa bega. Alipata kumnyakua Monita kabla ya kudonoa tena, akawatawanya wengine kwa mguu, akamwinua Kipara kwa mkono wa pili, akatoka na kuku wawili wanapiga mabawa, akafunga komeo kwa goti. Kipara akamtia ndani ya ndoo tupu na kumfunika shati lake. Kisha akamgeuza Monita uso ukielekea mwangani, akamshika kichwa kwa vidole vitatu, akautazama mdomo wake kwa karibu.

Ulikatwa. Ulikatwa sawasawa, robo nzima imeondoka, kazi safi. Na mkato haukwenda moja kwa moja. Uliinama kidogo, juu upande wa kulia, chini upande wa kushoto. Pale shambani wakataji walikuwa wanne. Watatu walitumia mkono wa kulia.

Akajikuta anakaa chini, si kwenye kigoda bali kwenye udongo wenyewe. Kuku wake mwenyewe. Kazi yake mwenyewe, tena iliyofanywa vizuri, haina kosa hata la kuombea radhi. Na mwanga: kule shambani walikuwa wakipunguza taa ili kuku watulie, alijua, alizipunguza kwa mkono wake zaidi ya mara mia, na siku tatu hizi alitazama mawingu yakifanya kazi hiyo hiyo akasema "unaona". Na sakafu. Aliwatoa kuku kwenye waya akawajengea saruji, laini, safi, haina kitu. Viumbe hawa wana kazi moja waliyozaliwa nayo, kuchakura na kudonoa, naye hakuwaachia cha kudonoa isipokuwa wao kwa wao.

Wembe ulikuwa mwekundu sasa. Harufu yake ikamfikia, ya chuma cha moto, na mkono wake wa kushoto ukajiandaa wenyewe bila kuulizwa.

Wazo likaja, na tusijifanye kwamba yeye peke yake angelipata. Hakuna aliyeona. Mwalimu yuko chumbani, anasubiri habari moja tu. Amkate Shangazi, sekunde mbili. Monita amvunje shingo sasa hivi, amfukie nyuma ya stoo, aseme yai lilimkwama, hutokea kila siku. Alete maranda kesho, kwa ukarimu, kama zawadi. Kundi litatulia, binti atatulia, na miaka kumi na tisa itabaki mahali pake. Kila mtu angepona. Angeumia kuku mmoja tu, na huyo hawezi kusema, ingawa anajaribu.

Akamfungia Monita chini ya kikapu. Akamtoa Shangazi kwenye kreti.

Mkono ulikumbuka kila kitu: kidole gumba nyuma ya kichwa, cha shahada chini ya koo, bonyeza kidogo ili ulimi urudi nyuma usiungue. Shangazi alikuwa na joto. Moyo wake ulikimbia dhidi ya kiganja cha Kinyozi, na jicho moja la rangi ya chungwa lilimtazama bila kupepesa. Akausogeza mdomo ule mzima mpaka karibu na tundu. Manyoya madogo ya shingoni yakaanza kujikunja kwa joto. Alihesabu moja. Alihesabu mbili, na binti yake akakohoa ndani ya chumba, kikohozi kidogo cha mtu anayejizuia kulia, na Kinyozi akaelewa kwamba akimaliza kazi hii atalazimika kwenda kukaa tena nje ya mlango ule, na safari hii atakuwa anaongea uongo.

Akamrudisha Shangazi kwenye kreti. Akamchukua Monita, akaingia ndani, akapita jikoni, akagonga.

"Umemaliza?"

"Sijaanza. Fungua."

"Nilisema sitaki kuwepo."

"Fungua, mwanangu. Nikikaa na jambo hili dakika moja zaidi nitabadili mawazo."

Mlango ukafunguka. Mwalimu alikuwa na macho yaliyovimba na nywele upande mmoja. Akamwona Monita, akaona damu.

"Si Shangazi," Kinyozi akasema. "Ni huyu. Nimemwona kwa macho yangu mawili. Kipara yuko hai, nimemweka kando."

"Lakini Monita amekatwa."

"Amekatwa. Nimemkata mimi. Huu mkato ni wa kushoto, na mwenye kushoto nilikuwa peke yangu."

Mwalimu akautazama mdomo, kisha akamtazama baba yake. Alikuwa mwalimu mzuri, hakumsaidia jibu.

"Kwa hiyo kukata hakuzuii," akasema.

Kinyozi alitaka kusema *mara nyingine*. Alilisikia neno limefika kwenye meno. "Hakuzuii," akasema. "Anadonoa kwa sababu hana kitu cha kufanya. Anadonoa msumari, anadonoa saruji. Nimewajengea kama kule kule. Uliniambia, nikakwambia ni uchafu."

Mwalimu akanyoosha mikono, akampokea Monita. Akampakata, akapitisha ncha ya kidole juu ya mdomo uliokatwa, taratibu, upande wa kulia mpaka wa kushoto. Kuku akafumba macho.

"Inauma?" akauliza.

Kwa swali hilo Kinyozi alikuwa na jibu la miaka kumi na tisa. Aliwajibu nalo wageni wa shamba, wanafunzi waliokuja na madaftari, marehemu mke wake. "Tuliambiwa ni kama kukata kucha."

"Sikuuliza mliambiwa nini."

Akaegemea fremu ya mlango. Hapakuwa na pa kwenda. Nyuma yake kulikuwa na ukumbi mwembamba na mbele yake binti yake.

"Inauma," akasema. "Wanaacha kula siku mbili, tatu. Wanasimama wamegeukia ukuta, hawataki kuguswa. Wengine hawarudi tena kuwa sawa. Nilikuwa nawaona kila siku, Mwalimu, tangu wa kwanza. Wakiniuliza nasema wamechoka tu."

Mkono wa Mwalimu ukatulia juu ya mgongo wa kuku.

"Na mimi ulikuwa unasema hivyo," akasema. "Majirani wakiuliza. Nilikuwa nasikia humu ndani."

Kinyozi alifungua mdomo. Machozi yakatangulia, na hakuyafuta.

"Na wewe nilisema hivyo," akasema.

Akasubiri mlango ufungwe. Alikuwa tayari, alijua alistahili, alikuwa ameshaanza kufikiria wapi alikiweka kile kiti. Mwalimu alisimama pale, kuku mkononi, akipumua kwa shida kama aliyepanda ngazi nyingi. Kisha akamsogeza baba yake kwa bega, akapita, akaelekea jikoni peku.

"Kazime ile mashine kabla haijatuunguzia nyumba," akasema bila kugeuka. "Halafu uje unishikie kreti. Huyu anaingia, Shangazi anatoka."